Sufuria Isiyooshwa ya Tata Liu

Noëlla Mbuyu alijua kinyaa kabla ya kujua kusoma. Watoto wengine wa Dilala waliamshwa na harufu ya makala, yaani makaa, au ya mikate ya jirani. Yeye aliamshwa na miguu ya nguruwe. Harufu ilipita chini ya mlango, ikapanda kitandani, ikamkalia usoni. Alivuta shuka mpaka kichwani, na shuka nalo lilinuka vilevile, maana nyumba nzima ilinuka: nguo, nywele, mkoba wa shule, hata rozari ya mama yake.

Niacheni nieleze mwenyewe, kwa sababu watu wa Kolwezi wameisimulia habari ya nyumba ile mpaka wameiharibu. Wapo walioapa kwamba yule Mchina anafuga nyoka ndani ya sufuria. Upuuzi mtupu! Nyoka hakuwepo. Kulikuwa na supu tu, na supu hiyo ilitosha.

Tata Liu, yaani Baba Liu, alikuja Lualaba kuwapikia wafanyakazi wa kampuni moja ya shaba, ndani ya kambi iliyozungushiwa ukuta. Mama Florentine Ngalula, mama yake Noëlla, alikuwa akimenya vitunguu kambini humo. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja na ulimi mkali. Walipendana kwa lugha gani, mimi sijui, maana huyu Kiswahili hakijui na huyu Kichina hakijui. Lakini mkataba ulipokwisha Tata Liu hakupanda ndege. Walichukua nyumba moja kuukuu ya matofali, zile zilizojengewa wafanyakazi wa migodi zamani, kando ya barabara ambako malori ya madini yanapita kutwa na kumwaga vumbi jekundu. Wakabomoa ukuta wa sebule, wakapanga meza, wakaandika juu ya mlango kwa Kifaransa, "Kwa Liu": CHEZ LIU.

Kule nyuma, juu ya mbabula, jiko kubwa la makala, Tata Liu alibandika sufuria ya kimo cha mtoto. Akatia maji, soya, sukari, tangawizi, mdalasini na vile viungo vikavu vyenye umbo la nyota. Humo akachemsha bata, mayai, utumbo na miguu ya nguruwe. Mpaka hapo hakuna neno. Jioni Mama Florentine akataka kuimwaga ile supu asugue sufuria, kama anavyofanya mwanamke yeyote aliyelelewa. Tata Liu akamshika mkono. Supu ile haimwagwi! Kwao, alisema, supu ya namna hiyo inazeeka pamoja na nyumba. Unaichemsha asubuhi na jioni, unaengua povu, unachuja, unaongeza kilichopungua, na kesho unapika ndani yake tena. Ikiwa bado moto unaifunika na kitambaa chepesi tu, ipumue, na kifuniko kinasubiri mpaka ipoe. Mwaka unakwisha, supu ni ile ile. Ukiipoteza, nyumba haina kitu cha kupika.

Mama Florentine alipigana na kile kitambaa miaka yote. Kitambaa gani kitazuia vumbi la malori? Lakini mume alikuwa na kichwa kigumu, na sufuria ikabaki bila kuoshwa. Watu wa nyumbani wakaiita Mukubwa, kwa sababu iliamkiwa asubuhi kabla ya mtu yeyote.

Haya, jiweke wewe mahali pa mtoto huyu. Supu iliyochemsha nguruwe wa Krismasi ndiyo inayochemsha bata wa Pasaka! Noëlla akiwaza tu, alisukuma sahani kando. Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kulikuwa na msichana mmoja, Tania, mwenye sauti ya kengele, ambaye kila alipomwona aliziba pua na kuuliza mbele ya darasa zima, "Noëlla, leo mulikula bata ya mwaka gani?" Darasa linaangua kicheko. Noëlla anarudi nyumbani na kusugua mikono kwa limao mpaka inawasha, na kesho yake inanuka tena.

Na Tata Liu, badala ya kumhurumia, alimwita kila asubuhi. "Noëlla! Kuya kunusa!" Anafunua Mukubwa, mvuke unapanda, mtoto anainama, uso unamkunjamana wote, pua juu, midomo chini. Tata Liu anacheka mpaka macho yanapotea. Hakuwa akimtesa, ingawa mtoto aliamini hivyo. Alikuwa amegundua kwamba kinyaa cha Noëlla kina ngazi. Kwa supu iliyo salama alikunja uso tu. Kwa nyama iliyoanza kulegea machozi yalimtoka. Na kwa kitu kilichooza kweli alikimbilia uani akatapika, hata kama macho ya watu wazima hayajaona kasoro yoyote. Hakukosea hata mara moja.

Basi akamgeuza chombo cha kazi. Alimpeleka sokoni, akamsimamisha mbele ya samaki wa ziwa la Nzilo na mbele ya mabucha, na kabla ya kununua akaangalia uso wa mtoto. Wauzaji walimchukia. "Ule mutoto wa Muchina analetaka bahati mubaya," walisema, na wengine walifunika samaki wao na gunia walipomwona anakata kona. Mwenyewe hakuona sifa yoyote hapo. Ni fahari gani kuwa mtoto anayejulikana sokoni kwa kutapika?

Mama Florentine ndiye aliyekuwa na aibu. "Sikia," alimwambia bintiye, akimfinya paja chini ya meza, "mbele ya bageni hapana kukunja uso juu ya chakula cha baba yako. Mutu akiona sura yako atasema tunabalisha bichafu." Alifinya kweli, vidole vikaacha alama. Noëlla akajifunza. Wakiwa wenyewe jikoni alikunja uso apendavyo, lakini mgeni akitokea tu mlangoni, uso wake ulitulia, ukawa laini kama wa mtu anayesubiri misa ianze. Hiyo ilikuwa heshima, na aliishika kuliko katekisimu.

Usidhani alikuwa akikwepa kazi. Wapi! Alinyonyoa bata, manyoya machafu yakimganda kwenye kucha. Aligeuza utumbo wa nguruwe na kuuosha kwa chumvi, maji baada ya maji, akipumua kwa mdomo. Alichinja, alikata, alikaanga, na mikono yake ikajifunza wakati roho yake inakataa. Alipomaliza shule akakimbilia Lubumbashi, jikoni mwa hoteli moja yenye vigae vyeupe mpaka juu, akidhani sasa ameokoka. Mama yangu! Siku ya kwanza alifungua mlango wa friji kubwa na kuurudisha palepale. Kulikuwa na kuku wa rangi ya kijani nyuma ya kuku weupe, na mchuzi wa juzi ulioandikiwa tarehe ya leo. Juu sabuni, chini uozo. Alipikia watu humo miaka kadhaa na hakuweka tonge la humo mdomoni. Alikula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwa mama mmoja wa kando ya barabara, aliyeosha sahani mbele ya macho yake.

Kisha ukaja ule mwaka wa barakoa, dunia ikafungwa, Tata Liu akaugua na kupona. Akampigia Noëlla simu. Alisema mgongo umechoka, arudi awe chef, mpishi mkuu wa nyumba. Noëlla akarudi, lakini na sharti lake.

"Nitapika bintu yote, Tata. Lakini ile sufuria, mi siigusi."

"Sawa," akasema Tata Liu. "Lakini asubuhi unakuya kunusa. Kila asubuhi."

Akakubali, akilaani moyoni. Mwanamke mzima, chef mwenye koti jeupe, anaitwa kama mtoto kuja kuingiza pua kwenye mvuke wa nguruwe! Alikuja, alikunja uso, Tata Liu alimtazama, akatingisha kichwa, kazi ikaanza. Ikawa hivyo miaka.

Na wateja nao! Usinikumbushe. Mji umejaa shaba na kobalti, na wanaokula Chez Liu ni wale wanaonunua madini, si wale wanaoyachimba. Wanaingia na matope ya mgodini kwenye viatu, wanaagiza bata mzima, wanamnyofoa paja moja, wanamwaga bia juu ya wali, wanasukutua mdomo na kutema ndani ya chungu cha maua. Mifupa wanatupa chini ya meza. Nje, vijana waliotoka kuchimba wanapita na magunia mgongoni, nyuso nyekundu kwa vumbi, na harufu ya chakula inawafuata mpaka kona. Noëlla aliona haya yote kupitia dirisha dogo la jikoni na akajihisi mchafu kwa kuwapikia.

Mkubwa wa watemaji hao alikuwa Kankolongo, mnunuzi wa madini mwenye tumbo la heshima na kitambaa cha pua chenye marashi. Binti yake alikuwa akipokea komunyo ya kwanza, na Kankolongo akaagiza karamu ya Jumapili adhuhuri: bata, mayai, nyama zote za Mukubwa, za kulisha watoto wote wa komunyo na wazazi wao. Parokia nzima ingekula. Karamu ikienda vizuri, Chez Liu ingekuwa nyumba ya kila mtu, si ya watema mifupa peke yao. Kwa furaha, Tata Liu hakupata usingizi.

Lakini wiki hiyo hiyo mwenzake mmoja, Mchina wa mji wa Dilolo, alifariki, na hakukuwa na mtu wa kwao wa kumzika. Tata Liu akaenda. Sufuria akamwachia mke wake: chemsha asubuhi, chemsha jioni, kitambaa, usisahau kitambaa. Noëlla akafurahi kupata likizo ya ile kazi ya kunusa asubuhi. Alikaa kwenye majiko yake ya mbele, hakupita nyuma hata kidogo. Siku moja alisikia kitu kinanuka, akauliza. "Ni mufereji," akasema Mama Florentine haraka, na Noëlla akaamini, kwa sababu mfereji wa uani nao ulikuwa na tabia zake.

Tata Liu alirudi Jumamosi jioni, macho mekundu kwa safari na kwa kilio, akalala. Jumapili asubuhi, kabla ya misa, Kankolongo akaja mwenyewe jikoni, amevaa suti, kutazama karamu yake imefika wapi. Mama Florentine alikuwa kisimani na ndoo. Tata Liu akasimama wima mbele ya Mukubwa kama mtu anayemtambulisha baba yake, akaita, "Noëlla! Kuya kunusa!"

Akafunua.

Ee Mungu. Kilichotoka mle hakikuwa harufu, kilikuwa maiti. Utamu uliooza, kama panya aliyekufia ndani ya ukuta, na juu yake sukari, na chini yake kitu cha sabuni. Povu la kijivu lilikuwa limeganda pembeni, na katikati kiputo kimoja kizito kilikuwa kikivimba polepole. Na papo hapo Noëlla akamwona Kankolongo, hatua moja kutoka kwake, akimtazama usoni.

Mgeni! Vile vidole vya mama vikamfinya paja, japo mama hayupo. Noëlla akameza, akameza tena, akautuliza uso. Ukawa laini kabisa.

Kankolongo alibandika kitambaa puani, akacheka. "Mama yoo! Iyo njo harufu ya kwabo Bachina. Ni vile banapendaka. Mi sina shida, ni bata tu bageni bangu banataka."

Tata Liu hakumsikiliza. Alikuwa akimtazama Noëlla. Alimtazama muda mrefu, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo Noëlla hakupata kuiona. Akachota tone, akaliweka ulimini. "Muzuri," akasema. "Muzuri sana." Akaanza kutumbukiza bata mmoja baada ya mwingine, halafu mayai, halafu miguu ya nguruwe, na Kankolongo akaenda zake misani.

Hapo ndipo kinyaa cha Noëlla kilipohama. Kilitoka kwenye sufuria kikaingia kwa mtu. Amenusa! Amenusa, na ameonja, na bado anawapikia watoto. Miaka yote alimchukia Mukubwa lakini alimheshimu mwenye Mukubwa, maana nyama mbovu haikupata kupita mlango wa Chez Liu. Sasa ni nini hii? Kwa ajili ya karamu ya tajiri, kweli? Alimtazama yule mzee akikoroga kwa upendo, akaona hata mikono yake inatia kichefuchefu. Na saa inakwenda. Misa ikiisha, watoto waliovaa nguo nyeupe watakaa mezani. Ama sufuria hii ife leo, ama wao waile.

"Tata, mwaga."

"Nini?"

"Mwaga ile supu. Imeoza."

Tata Liu akatabasamu, akidhani ni mzaha. "Iko muzuri, Noëlla. Leo iko muzuri kushinda siku yote."

"Unataka kuua batoto ya batu?" Sauti ilimtoka mpaka barabarani. "Weye njo mutu ya vile? Ulinifundisha kukataa samaki ya mama ya sokoni, maskini, sababu ya jicho moja tu yenye ukungu, na yako unabalisha batu na kusema muzuri? Unanitia kinyaa! Haiko supu, ni weye! Weye mwenyewe!"

Hakungoja jibu. Alizungusha vitambaa mikononi, akashika masikio ya ile sufuria ambayo aliapa hataigusa, akaivuta kutoka kwenye mbabula, akaikokota mpaka uani na kuipindua. Supu ya miaka yote ikaingia mferejini kwa kishindo. Bata walilala matopeni miguu juu. Mayai yaliviringika. Mbwa wa jirani akaja mbio, akanusa, akarudi nyuma akipiga chafya. Noëlla akashika ukuta na kutapika kila kitu alichokuwa amekizuia.

Alipoinua kichwa, Tata Liu alikuwa amechuchumaa kando ya mfereji. Alichovya kidole kwenye lile povu, akakileta puani, akavuta hewa. Akavuta tena, kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

"Inanuka?" akauliza.

"Tata, unanichekelea?"

"Inanuka namna gani? Niambie. Kama nini?"

Noëlla akafuta mdomo. Kitu fulani katika ile sauti kilimpunguza hasira. "Kama panya alikufa ndani ya ukuta," akasema.

Tata Liu akaitikia kwa kichwa, polepole. "Mi sinusi tena kitu," akasema. "Tangu ile ugonjwa ya kufunika pua. Kitu hata kimoja. Makala hapana, sabuni hapana, mama yako hapana. Ningesema kwa nani? Mupishi bila pua, nani atakula kwake? Njo nikakuita urudi. Asubuhi yote ninafungula sufuria, lakini siangalii sufuria. Ninaangalia sura yako. Ukikunja kidogo, ninajua iko muzuri. Ukikimbia, ninatupa."

Akatazama bata waliolala matopeni.

"Leo niliangalia. Ulitulia tuli, hata pua haikusogea. Nikafurahi sana. Nikasema: leo njo mutoto amependa supu yangu."

Yale Noëlla aliyoyasema, majirani wote wameyasikia, na hayarudi.

Mama Florentine alikuwa amesimama nyuma yao, ndoo imemwagikia miguuni. Akapiga magoti palepale. "Ni mi," akasema, "ni mi njo nilifunika na kifuniko, ingali moto. Malori yalipita mengi, vumbi lilikuwa linaingia, nikasema ile kitambaa ni ya nini! Kesho yake ikafanya povu, ikakuwa kali. Nikatia bikarbonati, ile ya kulainisha maharage, na sukari, ukali ukaisha ku ulimi. Harufu ikabakia. Ulitoka ku kilio, bwana yangu, nilikuogopea." Bikarbonati ilikuwa imeufuta ule uchachu, kitu pekee ambacho ulimi wa Tata Liu ungeweza kukamata.

Kulia kulikuwa kwa baadaye, maana misa ilikuwa inaelekea mwisho. Noëlla alinawa uso, akatuma watu wakalete kuku wazima, akawasha majiko yote, akakaanga kuku na samaki na wali kwa wingi, na Mama Florentine akasonga bukari huku akifuta kamasi kwa bega. Kankolongo atafoka hakuna bata, na afoke. Tata Liu alikatakata vitunguu vyembamba sawasawa, macho yakiwa makavu kuliko ya mtu yeyote jikoni.

Walipokuwa wanapanga sahani, na nguo nyeupe za watoto zimeanza kuonekana barabarani, akaja akasimama mbele ya Noëlla.

"Toka leo," akasema, "usinionee tena haya. Mugeni akuwepo, asikuwepo. Askofu akuwepo. Ukisikia kinyaa, nionyeshe."

"Tata, yale nilisema..."

"Wachana nayo. Nionyeshe tu. Utaanza lini?"

Noëlla akamtazama yule mzee. Machozi yalimshuka, na uso ukamkunjamana wote, pua juu, midomo chini, wala hakuuzuia.

"Sasa," akasema. "Tata, shati yako inanuka. Inanuka jasho ya zamani, na kwapa, na kitu kama jibini. Ni miezi mingi. Batu banasogeza viti na sisi tulikunyamazia."

Tata Liu akashusha macho, akalitazama shati lake jeupe, safi kabisa kwa macho. Akafungua vifungo kimoja kimoja, mbele ya wote, akalivua, akamkabidhi mke wake kwa mikono miwili.

"Aksanti," akamwambia Noëlla, akaenda kuoga.